Nyumba ya Bi Sabbe Yavuka Mto

Paukwa!

Pakawa!

Nyumba?

Ya miguu.

Miguu?

Ya jirani.

Na jirani?

Hatukanwi na mzigo ungalipo.

Kaeni vizuri basi. Wewe uliyekumbatia mkate, mega uwape wenzio, halafu usikilize. Hadithi ya leo ni ya safari, lakini anayesafiri si mtu.

Hapo kale, mbali kule mashariki, katika nchi ya Indonesia ambayo visiwa vyake hata wenyewe huchoka kuvihesabu, kilikuwapo kisiwa kidogo kiitwacho Sarewa. Kilikuwa na kijiji kimoja, mto mmoja na soko lisilozidi mikeka sita. Ukitaka sindano, usafiri. Ukitaka chumvi, usafiri. Ndivyo walivyoishi, na hawakumwonea mtu gere.

Watu wa Sarewa walijenga nyumba za mbao na mianzi, zimeinuliwa juu ya nguzo, chini yake kuku wanachakura na mbuzi wanalala. Nguzo zile hazikuchimbiwa ardhini. Ziliwekwa juu ya mawe tu. Na kwa nini? Kwa sababu Sarewa ardhi ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine. Leo uko hapa, kesho umeuza kiwanja, au umegombana na mkweo, unataka kuhama. Huhami na virago peke yake. Unahama na nyumba.

Mnacheka! Nyumba inahamaje? Wanakuja majirani. Wanapitisha mianzi mirefu chini ya sakafu, wanaifunga kwenye nguzo, wanaingiza mabega, na mtu mmoja anaita:

"Nyumba ni ya nani?"

Wanamtaja mwenyewe.

"Miguu ni ya nani?"

"Ni yetu!"

"Tutue?"

"Hatutui!"

Basi nyumba inainuka na paa lake, na dirisha lake, na paka wake kizingitini, inakwenda zake. Wanaume hubeba. Wanawake hupika uji wa mchele kwa tui la nazi na sukari guru, na mzigo ukishatua, wote wanakula. Walijivunia jambo hilo kuliko dhahabu. Mgeni akifika walimwambia, "Kwenu nyumba zina milango. Kwetu zina miguu."

Sasa, katika kijiji hicho alikuwako mjane mmoja, Bi Sabbe. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa mwitaji wa mizigo, miaka arobaini. Bi Sabbe alikuwa amepooza miguu, akilala karibu na dirisha, na binti yake Tenri ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamchana nywele. Mume wa Tenri alikuwa msafiri.

Na jirani yao alikuwa mwanamke mmoja jina lake Rannu. Mwanamke wa mabega mapana, anabeba gunia la mbata mpaka pwani bila kupumzika, na mdomo wake nao hupumzika kwa nadra. Kati ya kiwanja cha Rannu na kiwanja cha Bi Sabbe ulisimama mpopoo mmoja. Nani aliupanda? Mungu anajua. Bi Sabbe husema wangu, Rannu husema wangu. Miaka saba! Popoo zikidondoka huku, huyu anaokota. Zikidondoka kule, yule anaokota. Zikidondoka katikati, kijiji kizima hakilali.

Siku moja wanaume wote wa Sarewa walisafiri kwenda kisiwa kikubwa kuuza mbata na kununua chumvi na chuma. Wakabaki wanawake, watoto na wazee tisa.

Siku ya pili yake likaja zimwi.

Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili halikumjua mtu, wala halikutaka kujuana. Hili lilikula nyumba! Nguzo lilizitafuna kama muwa, makuti likayafanya mchicha, na waliokuwamo ndani likawameza hao hao pamoja na vyungu vyao. Visiwa vitatu lilikuwa limekwisha kuvipitia. Tumbo lilikuwa mbele, lenyewe nyuma.

Tenri alikuwa kisimani. Zimwi likaja moja kwa moja mpaka kwa Bi Sabbe, likaweka kiganja juu ya ngazi, likatema mate, likasema, "Aliye juu asishuke!" Halafu likapiga ardhi kwa mguu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Tenri akaja mbio, akaacha ndoo njiani. Akapanda ngazi, akamkumbatia mama yake amtoe. Alipofika mlangoni Bi Sabbe akawa mzito kama jiwe la kusagia. Akajaribu tena, akawa mzito kama mawe mawili. Akajaribu mara ya tatu, mikono ikamfa ganzi.

"Usijisumbue, binti," zimwi likasema. "Kuanzia hapa mpaka mtoni ardhi ni yangu, nimeipiga kwa mguu. Kilichosimama juu ya ardhi yangu ni changu. Leo nimeshiba. Kesho jua likifika utosini nakuja kula nyumba hii na mama yako ndani. Keshokutwa ya jirani. Mtondo ya jirani wa jirani."

Tenri aliogopa, siwadanganyi. Lakini alikuwa mtoto wa mwitaji. Akauliza, "Na kisichosimama juu ya ardhi yako?"

"Si changu."

"Nyumba hii ikiondoka ikavuka mto?"

Zimwi likacheka mpaka kuku wakaruka. "Najua desturi yenu! Ndiyo maana nimengoja wanaume wasafiri. Nyumba zenu zina miguu, lakini miguu iko safarini."

"Basi kama huogopi, apa."

"Naapa kwa tumbo langu! Nyumba ikivuka, naondoka Sarewa na sirudi. Nikiigusa haijasimama juu ya ardhi yangu, tumbo hili lipasuke."

Mazimwi ni waovu, watoto, lakini kiapo cha tumbo kwao hakina mchezo. Zimwi likaenda kulala chini ya kilima, likakoroma.

Tenri hakukaa kulia. Alichukua mchi akapiga kinu kitupu, du! du! du! Sarewa kinu kitupu kikipigwa, kila mwanamke huacha alichoshika. Wakaja wote, wengine na unga mikononi. Wakaja na wazee tisa, na fimbo zao.

Tenri akawaeleza. Mmoja akasema, "Mwanangu, kubeba nyumba ni kazi ya wanaume. Sisi ni watu wa uji."

Mwingine akasema, "Mama zetu hawakubeba."

Wa tatu akasema, "Na bibi zetu hawakubeba."

Basi sauti ikatoka juu dirishani. Ilikuwa ya Bi Sabbe.

"Maji ya mtoni hubebwa na nani? Kuni hubebwa na nani? Mbata kutoka shamba mpaka pwani hubebwa na nani? Wanaume hubeba nyumba mara moja kwa mwaka, wakaimba mwaka mzima! Nyie hubeba kila siku, na wimbo hamna. Kama hamtaki kunibeba, semeni hamtaki. Lakini msiniambie hamwezi, nitacheka, na mimi leo sina haja ya kucheka."

Wanawake wakatazamana. Kisha wote wakamtazama Rannu, maana bila yale mabega yake hakuna pembe itakayoinuka. Rannu akageuka, akaenda zake nyumbani.

Tenri akajua ni ule mpopoo. Popoo za kutafuna zimemuua mama yangu, akawaza, na machozi yakamtoka.

Mara wakaona Rannu anarudi. Begani amebeba mianzi miwili, mirefu kuliko nyumba yenyewe. Akaibwaga chini. Akapaza sauti kuelekea dirishani:

"Sabbe! Sikuja kwa sababu nakupenda. Mpopoo ni wangu. Lakini ukiliwa wewe, mimi nitagombana na nani?"

"Mpopoo ni wangu!" Bi Sabbe akajibu. "Funga hiyo mianzi vizuri!"

Wakafanya kazi mpaka jua likazama, na alfajiri wakaendelea. Wakafunga mianzi kwa kamba za nazi. Wazee wakaonyesha mafundo, wakagombezana wao kwa wao juu ya fundo lipi ni lipi. Wakahesabiana: wanawake hamsini na wawili. Wenye vichanga wakawakabidhi wazee. Mzee mmoja, Babu Lasape, akachukua shoka ili asafishe njia. Wanane waliobaki wakauliza, "Na sisi?"

Tenri akasema, "Nyie babu zetu mtapika uji."

Wazee wakatazamana kama watu walioambiwa waruke.

Jua lilipokaribia utosini, zimwi likaja, limesugua meno kwa mchanga. Likakuta wanawake hamsini na wawili wameinama chini ya mianzi. Likaketi chini, likashika mbavu kwa kucheka.

Lakini nani ataita? Babu Lasape sauti yake ilikwisha kwa kikohozi. Ndipo Bi Sabbe, yule aliyesikia mume wake akiita miaka arobaini, akajiburura mpaka dirishani, akashika kizingiti, akaita:

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya Sabbe!"

"Miguu ni ya nani?"

"Ni yetu!"

Wakainua. Nyumba haikutikisika.

"Miguu ni ya nani?"

"Ni yetu!"

Wakainua mara ya pili. Pembe moja ikapanda, ile ya Rannu, nyingine zikagoma.

"Sikusikia! Miguu ni ya nani?"

"NI YETU!"

Nyumba ikapanda! Ikapanda na nguzo zake, na makuti yake, na Bi Sabbe wake dirishani. Mawe yakabaki chini peke yake. Zimwi likaacha kucheka.

"Tutue?"

"Hatutui!"

Basi nyumba ikaanza kutembea. Wallahi ilitembea, hatua kwa hatua, vyungu vikigongana ndani, na wanawake wale, jasho limewalowesha, walihisi kitu kifuani ambacho hawakuwahi kukihisi mbele ya sufuria ya uji.

Zimwi likaona mambo yanaharibika. Likajificha nyuma ya kichaka, likageuza sauti, likaita kwa sauti ya wanaume: "Wake zetu! Tumerudi safari! Tueni mzigo, tuubebe wenyewe!"

Wengine wakaanza kuinama watue. Lakini mwanamke mmoja wa nyuma akasema, "Huyo si mume wangu. Mume wangu akirudi safari huuliza kwanza kilichopikwa." Wote wakacheka huku wakibeba.

Bi Sabbe akaita, "Tutue?"

"Hatutui!"

Zimwi likapiga ardhi kwa mguu, njia ikawa tope mpaka magotini. Mmoja akateleza, mwenzake akamshika kwa kanga. Wa pili akateleza, akashikwa. Wa tatu akaanguka kabisa, na jirani yake akabeba sehemu yake mpaka alipoinuka, uso wote tope, akarudisha bega.

Bi Sabbe akaita, "Tutue?"

"Hatutui!"

Mto ukaonekana. Hapo zimwi likafanya hila ya tatu. Likakimbia mbele, likajilaza kwenye njia pana, tumbo juu, njia yote ikazibwa. Ikabaki nafasi moja tu ya kupita, nayo ilikuwa nyembamba: upande mmoja mwamba, upande mwingine mpopoo. Ule ule mpopoo, maana kiwanja cha Rannu kiliteremka mpaka karibu na maji. Nyumba haikuweza kupenya. Wakasimama, mzigo mabegani, na jua linachoma.

Zimwi likageuza kichwa palepale lilipolala, likasema polepole, kwa sauti tamu:

"Rannu. Miaka saba unadhulumiwa. Ondoa bega lako moja tu. Nyumba ikitua hapa, naila hii peke yake, yako siigusi. Kiwanja chote kitakuwa chako. Na mpopoo utakuwa wako, hakuna wa kukubishia."

Kila mmoja alisikia mianzi inalia, na kila mmoja alijua pembe ya mbele imesimama juu ya bega la nani.

Rannu alikuwa akihema. Akautazama ule mpopoo, shina jembamba, popoo zimeiva juu kabisa. Akasema:

"Babu Lasape, shoka unalo?"

"Ninalo, mwanangu."

"Kata."

"Rannu, mpopoo wako?"

"Nimesema kata, babu, mabega yanawaka!"

Babu Lasape akakata. Shoka la kwanza. Shoka la pili. Shoka la tatu, mpopoo ukaanguka, popoo zikatawanyika chini, na hakuna aliyeinama kuziokota.

Juu dirishani Bi Sabbe alikuwa akilia. Basi Rannu ndiye aliyeita safari hiyo, kwa lile domo lake lisilopumzika:

"Miguu ni ya nani?"

"Ni yetu!"

"Tutue?"

"HATUTUI!"

Nyumba ikapita kati ya mwamba na kisiki. Ikaingia mtoni. Maji ya goti, maji ya kiuno, maji ya kifua. Zimwi likaona chakula kinaondoka. Njaa ikalipanda kichwani, likasahau kiapo. Likaruka, likang'ata nguzo ya nyuma, na nyumba iko juu ya mabega!

Puu! Tumbo likapasuka.

Na zikatoka nyumba! Nyumba za kisiwa cha kwanza, nyumba za kisiwa cha pili, nyumba za kisiwa cha tatu, zikatua ukingoni moja baada ya nyingine, na watu wake madirishani wanafikicha macho. Bibi mmoja alikuwa bado ameshika upawa. Birika lake la kahawa lilikuwa bado linachemka. Akauliza, "Tumefika wapi?" Wakamwambia, "Sarewa." Akasema, "Basi karibuni kahawa."

Zimwi likanywea, likawa ngozi tupu, mto ukaichukua.

Wakaitua nyumba ng'ambo, juu ya mawe mapya, polepole, kama mtu amlazavyo mtoto. Uchawi wa ngazi ukawa umekwisha. Rannu akapanda, akamgeuzia Bi Sabbe mgongo, akasema, "Panda." Akamteremsha ngazi kwa mgongo wake, akamketisha juani.

Wazee wanane wakaleta uji. Uji wenyewe ulikuwa umeungua chini, mbichi juu, na sukari guru walisahau. Wanawake hamsini na wawili wakaula wote, wakakomba sufuria. Hadi leo wanasema hawajapata kula uji mtamu kama ule.

Siku ya saba wanaume wakarudi na chumvi na chuma chao. Wakaikuta nyumba ya Bi Sabbe ng'ambo ya mto, na kijiji kimekuwa kikubwa mara tatu. Mume wa Tenri akauliza, "Nani ameihamisha nyumba hii?"

Tenri alishusha kanga begani. Rannu akashusha yake. Wakashusha wote, mmoja mmoja, hamsini na wawili, na kila bega lilikuwa na alama nyekundu ya mwanzi. Walisimama wima, wale wanawake, wakatazamwa. Wanaume wakavua kofia.

Tangu siku ile, Sarewa nyumba ikihama, kinu kitupu kinapigwa, na anakuja kila mwenye bega. Na uji? Uji unapikwa na yeyote aliyechelewa kufika.

Na mpopoo je? Najua mmeukumbuka. Asubuhi iliyofuata Rannu alivuka mto, akaenda mpaka dirishani kwa Bi Sabbe, akashika kiuno. "Sabbe! Nyumba umeipata. Mpopoo wangu uko wapi?"

Bi Sabbe akatoa kiganja nje ya dirisha. Kilikuwa na popoo moja mbivu, ambayo Tenri aliiokota penye kisiki.

"Ipande," akasema. "Lakini ipande katikati. Nami nitakutazama kutoka hapa, usije ukaisogeza kwako."

Wakaipanda katikati. Ukaota, ukawa mrefu, ukazaa. Na mpaka walipokufa, wakiwa wazee sana, kila siku mmoja alisema, "Mpopoo ni wako." Na mwenzake akajibu kwa hasira, "Nani kakwambia? Ni wako!" Na kijiji kizima hakikulala.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeibeba mpaka hapa na mabega yangu ni ya kizee. Atakayeitaka aiinue aende nayo.

Na mafunzo yake ni haya: nyumba unaweza kuwa nayo peke yako, lakini miguu yake ni jirani. Gombana naye ukitaka. Siku ya mzigo, nenda.